Mayeloma isiyotoa protini: damu imetoka safi, mbona baba anaambiwa ana saratani?

Swali la msomaji

Daktari, shikamoo. Baba yangu ana miaka 63, ni mwalimu mstaafu, tunaishi Tanga. Tangu mwaka jana analalamika mgongo. Tulidhani ni umri, akawa anakunywa diklofenaki. Mwezi uliopita aliinua ndoo ya maji, pingili moja ya kiunoni ikabonyea. Picha zimeonyesha matundu kwenye pingili kadhaa, nyonga na fuvu. Damu yake ni 9.4. Daktari alishuku mayeloma, lakini kipimo cha protini kwenye damu kikatoka safi, na mkojo wakasema hauna protini. Wakamchukua uloto wa ndani ya mfupa, wakakuta seli za plazma asilimia 35. Sasa daktari anasema ni mayeloma isiyotoa protini na anataka kuanza dawa. Baba mdogo anasema vipimo vimegongana, labda ni TB ya mifupa, tumpeleke India. Je, ugonjwa wa namna hii upo kweli? Na kama hauonekani kwenye damu, tutajuaje kama dawa zinafanya kazi?

Jibu

Marahaba binti yangu, na mfikishie baba pole zangu. Pingili iliyobonyea inauma vibaya sana, na najua nyumba nzima hailali mgonjwa akiwa na maumivu ya namna hiyo.

Ugonjwa huo upo. Mayeloma, yaani saratani ya seli za plazma, inaweza kujaa kwenye uloto, ikala mifupa na kushusha damu, huku kipimo cha protini kikitoka safi. Vipimo vya baba havijagongana. Kipimo cha damu kiliulizwa kama kuna protini ya mayeloma inayozunguka mwilini, kikajibu hakuna. Uloto uliulizwa kama kuna seli za mayeloma, ukajibu zipo. Majibu yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja, na kwa swali la kama baba ana saratani, jibu la uloto ndilo lenye uzito.

Hata hivyo hofu ya baba yako mdogo isipuuzwe. Kabla ya kumbandika mtu jina la mayeloma isiyotoa protini, kuna mambo ya kuhakikisha, na mara nyingi huku kwetu hayakamiliki kwa sababu ya gharama au haraka. Kwa hiyo nitaanza na vipimo vyenyewe, halafu tuje kwenye swali lako la pili, ambalo kwangu ndilo kubwa zaidi.

Seli za plazma ni askari wa kinga wanaoishi kwenye uloto. Kazi yao ni kutengeneza kingamwili. Seli moja ikiharibika na kuzaliana bila kikomo, watoto wake wote hutengeneza kingamwili ya aina ileile moja, isiyo na faida. Kingamwili hiyo ikimwagika kwenye damu ndiyo tunayoiita protini M, na ndiyo inayotafutwa na kipimo cha elektroforesisi. Kingamwili kamili imeundwa kwa minyororo mizito na minyororo myepesi. Wapo wagonjwa ambao seli zao hutoa minyororo myepesi peke yake. Hao ni kama mmoja kati ya kila watano au sita. Minyororo hiyo ni midogo, huchujwa upesi na figo, hivyo elektroforesisi ya damu inaweza isiione.

Mwaka 2003 Robert Kyle na wenzake wa Mayo Clinic, Marekani, walichapisha uchambuzi wa wagonjwa 1,027 waliothibitika kuwa na mayeloma. Elektroforesisi ya damu peke yake ilionyesha protini M kwa asilimia 82 tu. Walipoongeza imunofiksesheni, ambayo ni kipimo chenye jicho kali zaidi, ikapanda hadi 93. Walipojumlisha na vipimo vya mkojo ikafika 97. Waliobaki, yaani asilimia 3, hawakuonyesha chochote pote pawili. Sasa rudi kwenye makaratasi ya baba usome: alifanyiwa kipimo gani hasa? Ikiwa ni elektroforesisi ya damu pekee, basi bado hatujui kama yumo kwenye ile asilimia 3 au ni miongoni mwa wale wengi ambao protini yao ingeonekana kama wangepimwa kikamilifu.

Kuhusu mkojo, nataka unisikilize kwa makini, kwa sababu hili huwapoteza hata wahudumu wa afya. Kile kijiti kinachochovywa kwenye mkojo na kubadilika rangi kinaona albumini. Minyororo myepesi hakiioni. Mgonjwa anaweza kuwa anatoa gramu kadhaa za minyororo myepesi kwa siku na kijiti kikaandika "hakuna protini". Mkojo unaofaa kwa mayeloma ni ule unaokusanywa kwa saa 24, kisha ukafanyiwa elektroforesisi na imunofiksesheni. Kama baba alipimwa kwa kijiti, hesabu kwamba mkojo wake haujapimwa bado.

Kuna kipimo kingine kilichobadilisha kabisa hadithi ya ugonjwa huu. Ni kipimo cha damu cha minyororo myepesi huru, ambacho kwenye fomu za maabara huandikwa FLC. Kinapima kiasi cha kapa na lamda, aina mbili za minyororo myepesi, na uwiano kati yao. Mwaka 2001 Drayson na wenzake nchini Uingereza walichukua damu zilizohifadhiwa za wagonjwa 28 waliokuwa wameandikwa kuwa hawatoi protini kabisa, wakazipima kwa njia hii. Kumi na tisa kati yao walikuwa na minyororo isiyo ya kawaida. Yaani kwa thuluthi mbili ya watu waliodhaniwa kuwa na mayeloma iliyo kimya, haikuwa kimya. Ilikuwa inanong'ona, na maabara haikuwa na sikio la kuisikia.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza kwako ni huu: baba apimwe FLC kabla ya dozi ya kwanza ya dawa. Kipimo hiki kinachukua damu kidogo tu, na kama hospitali mnayotibiwa haina, maabara kubwa za Dar es Salaam na Nairobi hupokea sampuli. Deksamethasoni peke yake inaweza kushusha minyororo hiyo kwa siku chache, na hapo mtakuwa mmepoteza alama ya kuanzia. Tofauti na hapo ni dharura moja tu, nitakayoieleza mbele. Dharura hiyo ikitokea, damu ichukuliwe na dawa ianze siku hiyohiyo bila kungoja majibu.

Majibu yakirudi, baba ataangukia sehemu moja kati ya tatu. Anaweza kuwa na mayeloma ya minyororo myepesi, ambayo ni ya kawaida na hufuatiliwa kwa FLC bila shida. Anaweza kuwa anatoa protini kidogo mno: protini M ya damu chini ya gramu 1 kwa desilita, ya mkojo chini ya miligramu 200 kwa saa 24, na minyororo huru chini ya miligramu 100 kwa lita. Au anaweza kuwa hatoi kitu kabisa, na hao ndio wachache wa kweli.

Inakuwaje seli ya mayeloma isitoe protini? Kwa wengi wao, kama asilimia 85, seli inatengeneza kingamwili lakini inabaki ndani. Ni mpishi aliyepika sufuria nzima asipakue. Ukiitia rangi seli hiyo kwenye kioo cha maabara, unaikuta imejaa kapa au lamda tumboni. Kilichoharibika ni njia ya kuisafirisha protini kwenda nje, au umbo la protini yenyewe limekosewa kwa mabadiliko ya jeni, hivyo seli inaivunjavunja kabla haijatoka. Kwa waliobaki, seli haitengenezi kingamwili kabisa. Hawa wa mwisho wanahitaji umakini mkubwa zaidi wa mtaalamu wa patholojia, kwa sababu rangi za kapa na lamda zote hazishiki, na alama ya CD138 inayotumika kutambua seli za plazma huonekana pia kwenye baadhi ya saratani za viungo vingine zilizosambaa hadi kwenye uloto.

Hapo sasa ndipo tunapokutana na wasiwasi wa baba mdogo. TB ya mgongo ni ugonjwa halisi katika nchi zetu, na daktari yeyote anayefanya kazi huku na asiyeifikiria anapoona pingili imebonyea, hajatimiza wajibu wake. Maambukizi ya muda mrefu, ikiwemo TB na VVU, yanaweza pia kuongeza seli za plazma kwenye uloto. Lakini seli za maambukizi ni mchanganyiko, nyingine za kapa na nyingine za lamda, kwa kuwa zimetoka koo nyingi. Seli za mayeloma zimezaliwa na seli moja, hivyo zote ni kapa au zote ni lamda. Muulizeni daktari: "Seli za baba zilitiwa rangi ya kapa na lamda? Zilikuwa za ukoo mmoja?" Kama jibu ni ndiyo, TB haiwezi kueleza jambo hilo. Kama hazikutiwa rangi, kipande cha uloto kilichobaki maabara kinaweza kufanyiwa hivyo sasa, bila kumtoboa mzee tena.

Picha nazo zinasaidia. TB ya mgongo hupenda kula sahani ya gegedu iliyo kati ya pingili mbili na kuharibu pingili zote mbili zinazopakana, na mara nyingi huacha usaha pembeni. Mayeloma kwa kawaida huiacha sahani salama na kutoboa mfupa wenyewe. Fuvu lenye matundu mengi ya duara, pamoja na nyonga, si tabia ya TB. Kwa mwanaume wa miaka 63 ningetaka pia tezi dume iwe imeangaliwa kwa kipimo cha damu cha PSA, ingawa saratani ya tezi dume mara nyingi huufanya mfupa uwe mweupe na mgumu kwenye picha, badala ya kuutoboa. Na ikiwa bado pana shaka baada ya hayo yote, tundu lenyewe la mfupa litolewe kinyama kwa sindano inayoongozwa na CT. Mayeloma hukaa kwa mafungu, hivyo sindano ya nyonga inaweza kupita pembeni, lakini kwenye tundu ndipo ilipo.

Kwa baba, kama seli hizo ni za ukoo mmoja, ugonjwa umethibitika bila kujali protini. Vigezo vya kimataifa vilivyotolewa na kikundi cha wataalamu wa mayeloma, IMWG, mwaka 2014 vinataka seli za plazma za ukoo mmoja zifike asilimia 10 ya uloto, au uvimbe wa seli hizo uthibitishwe kwa kinyama, pamoja na dalili ya mwili kuumia. Dalili hizo ni kama damu chini ya 10, kalsiamu kupanda, figo kushindwa, au tundu la mfupa la milimita 5 na zaidi kwenye CT. Baba ana asilimia 35, damu 9.4, na matundu si moja. Protini M haimo kwenye masharti. Kwa hiyo watu kama baba yako hawaachwi nje.

Kuna kitu kidogo kwenye majibu ya damu ambacho ningependa mkitazame. Wengi wanajua kwamba mayeloma hupandisha jumla ya protini na ESR, yaani kasi ya seli nyekundu za damu kutuama. Kwa mayeloma isiyotoa protini, vyote viwili vinaweza kuwa vya kawaida, na hapo ndipo mgonjwa anaporudishwa nyumbani na dawa za maumivu kwa miezi mingi. Lakini pimeni kingamwili zake za kawaida, yaani IgG, IgA na IgM. Mara nyingi zinakuwa chini, kwa sababu ugonjwa umezibana seli nzuri. Mzee mwenye maumivu ya mgongo, damu pungufu na globulini (kundi la protini za damu zenye kingamwili) za chini bila sababu, hata kama mchoro wa elektroforesisi hauna mlima wowote, anastahili kuchukuliwa uloto. Natamani kila daktari wa wilaya angelijua hili.

Kingamwili kuwa chini kuna maana nyumbani pia. Homa kwa baba haisubiri asubuhi. Nimonia ndiyo adui wa karibu, hasa miezi ya mwanzo ya tiba, hivyo ulizieni chanjo ya nimonia na ya mafua.

Diklofenaki iachwe leo. Ibuprofeni na ndugu zake wote vilevile. Habari njema kwa wasiotoa protini ni kwamba figo zao mara nyingi husalimika, kwa kuwa kinachoziba figo kwenye mayeloma ni ile minyororo myepesi inayomwagika. Ingekuwa huzuni kubwa ugonjwa uziachie figo halafu sisi tuziharibu kwa vidonge vya dukani. Parasetamoli, tramadoli au mofini ya maji, kwa maelekezo ya daktari, ni salama zaidi, na mofini isiwatishe, mgongo uliobonyea unaistahili. Anywe maji ya kutosha. Akianza kiu isiyokwisha, choo kigumu na kuchanganyikiwa maneno, kalsiamu ipimwe siku hiyo.

Tiba yenyewe haitofautiani na ya mayeloma nyingine. Mgonjwa anayeweza kuzipata huanza na mchanganyiko wa bortezomibu, lenalidomaidi na deksamethasoni, na katika nchi zenye uwezo huongezwa daratumumabu. Kwetu mara nyingi siklofosfamaidi au thalidomaidi hukaa mahali pa lenalidomaidi, na wagonjwa hufaidika. Akipewa bortezomibu apewe na asiklovia ya kuzuia mkanda wa jeshi. Akipewa thalidomaidi au lenalidomaidi apewe kinga ya damu kuganda. Mifupa ipewe asidi ya zoledroniki, lakini kwanza aende kwa daktari wa meno, kwa sababu jino likingolewa wakati wa dawa hiyo taya inaweza kukataa kupona. Baada ya miezi ya mwanzo, mgonjwa mwenye nguvu hufikiriwa kwa dozi kubwa ya melfalani, dawa ya kuua seli za saratani, na kurudishiwa uloto wake mwenyewe. Kwa umri wa baba hilo linawezekana, na Hospitali ya Taifa Muhimbili imeshawafanyia hivyo wagonjwa wa mayeloma, kwa hiyo si lazima safari ya ng'ambo.

Kama kuna uwezo wa kupima kromosomu za seli zake kwa njia ya FISH, ipimwe. Kundi hili lina wagonjwa wengi zaidi wenye badiliko linaloitwa t(11;14), na seli za namna hiyo huitikia dawa ya venetoklaksi. Si dawa ya kuanza nayo, na haifai kutolewa kwa kila mwenye mayeloma. Utafiti ulioitwa BELLINI, uliowapa wagonjwa bila kuchagua, uliona vifo zaidi kwa waliotumia. Lakini ni vizuri kujua kama baba anayo hiyo alama, kwa ajili ya siku za mbele.

Sasa swali lako la pili. Mgonjwa wa kawaida wa mayeloma anapimwa protini kila mwezi, ikishuka familia inafurahi, ikipanda daktari anabadili dawa. Baba yako hana hiyo namba. Asipowekewa njia nyingine tangu mwanzo, atatibiwa gizani, na hapo ndipo wagonjwa hawa wanapoumia: dawa isiyofanya kazi inaendelea kwa miezi, au ugonjwa unarudi na mtu wa kwanza kujua ni mfupa unaovunjika.

Kama FLC itakuwa na kasoro inayopimika, mmepona sehemu kubwa ya tatizo. Mtaifuatilia hiyo kila mwezi, katika maabara ileile na kwa mashine ileile, kwa sababu namba za kampuni tofauti hazilinganishwi.

Kama FLC nayo ni safi, kuna njia mbili zinazotembea pamoja: uloto na picha. Uloto utarudiwa. Najua unauma na wagonjwa wanauogopa, lakini hakuna namna ya kuukwepa kabisa. Kwa kawaida mimi hupendelea urudiwe baada ya mizunguko minne hivi ya dawa, tena kabla au baada ya melfalani kama atafikia huko, kisha pale dalili zinapobadilika. Mwambieni daktari atumie ganzi ya kutosha na ampe dawa ya maumivu kabla. Kwa sababu ugonjwa hukaa kwa mafungu, uloto safi peke yake hautoshi kusema umepona.

Picha bora kwa kazi hii ni PET-CT, inayoonyesha seli zilizo hai na zinazokula sukari. Tundu lililokuwa linawaka na sasa limezimika ni ushahidi kwamba dawa inafanya kazi. Nairobi inapatikana, ikiwemo Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan na hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, na kwa mtu wa Tanga safari ya Nairobi kupitia Moshi si kama kupanda ndege kwenda India. Ila mgonjwa mmoja kati ya kama kumi ana mayeloma isiyowaka kwenye PET, kwa sababu seli zake hazina kimeng'enya cha kutosha cha kuishika ile sukari. Ukimpiga PET baada ya tiba tu, ukaikuta safi, hujui kama amepona au kama ni mmoja wa hao. Kwa hiyo picha ya kabla ya tiba ndiyo yenye thamani. Kama PET haiwezekani kwa gharama, MRI ya uti wa mgongo na nyonga, au ya mwili mzima, inafanya kazi nzuri, na ipo katika hospitali nyingi zaidi. Chagueni moja, ifanywe kabla ya dawa, na hiyohiyo ndiyo irudiwe. Kuchanganya leo CT, kesho MRI, keshokutwa PET, kunaleta makaratasi mengi yasiyolinganishika.

Na tafadhali msipime maendeleo ya baba kwa picha ya eksirei. Tundu la mayeloma halizibi hata ugonjwa ukiisha. Nimeona familia zikikata tamaa na kuacha dawa kwa sababu mtu aliwaonyesha eksirei na kusema "matundu bado yapo". Yatakuwepo. Tundu jipya ndilo la kuogopa. Vilevile skani ya mifupa ya dawa ya mionzi, ile inayotumika kwa saratani ya matiti na tezi dume, huikosa mayeloma mara kwa mara, msiipoteze pesa huko.

Kati ya picha moja na nyingine, kuna ishara ndogo ambazo hazigharimu sana: damu inapanda kuelekea 12 bila kuongezewa, kalsiamu na kreatinini (kipimo cha figo) ziko tulivu, IgA na IgM zake za kawaida zinaanza kurudi, maumivu yanapungua, anaanza kutembea hadi msikitini au sokoni. Hiyo ya kutembea ichukulieni kama kipimo. Mwekeeni daftari, andikeni kila wiki maumivu yako wapi na anatumia vidonge vingapi. Maumivu mapya sehemu mpya yanayodumu zaidi ya wiki mbili yapigiwe picha, hata kama damu yote ni nzuri.

Protini ya damu pia iendelee kupimwa mara chache kwa mwaka, ingawa sasa ni safi. Ugonjwa huu hubadilika. Aliyekuwa hatoi anaweza kuanza kutoa unaporudi, na aliyekuwa anatoa anaweza kurudi akiwa kimya au akitoa minyororo myepesi tu.

Hukuniuliza waziwazi, lakini huenda unajiuliza kama hii aina ni mbaya zaidi. Hapana. Wagonjwa wa Mayo Clinic wa aina hii waliotibiwa tangu 2001, walipochambuliwa katika utafiti uliotoka 2015, hawakuishi muda mfupi kuliko wenzao wanaotoa protini. Walifanya vizuri hata zaidi. Mayeloma kwa ujumla bado hatuiponyi moja kwa moja, lakini watu wanaishi nayo miaka mingi, wengine wanarudi shambani na kazini. Haiambukizi. Nanyi watoto hamhitaji kupimwa kwa sababu ya baba.

Ile dharura niliyoitaja ni hii. Miguu ikipoteza nguvu, ganzi ikipanda kutoka miguuni, mkojo ukizuilika au choo kikitoka bila yeye kujua, uvimbe au mfupa umeibana mishipa ya fahamu ya mgongo. Hiyo ni ya kwenda hospitali saa hiyohiyo, iwe usiku wa manane, kupata deksamethasoni ya sindano, MRI, na mionzi au upasuaji. Saa ndizo zinazoamua kama atatembea tena. Kila mtu nyumbani ajue, hata kijana wa kazi.

Kuhusu India: sijamkataza mtu kutafuta maoni ya pili, ni haki yake. Lakini kinachoweza kusafiri kwanza ni uloto. Ombeni hospitali iwape bloku ya nta yenye kinyama cha uloto na vioo vyake, pamoja na CD za picha, mzipeleke kwa mtaalamu wa patholojia Muhimbili, KCMC au Nairobi. Mtu mwenye pingili iliyobonyea asipandishwe ndege ndefu kwa ajili ya swali ambalo kioo kinaweza kulijibu. Wakati huo FLC na picha ya mwanzo vinafanyika, na wiki haipotei. Mwambie baba mdogo nimeliheshimu wazo lake, na kwamba yeye ndiye anayefaa kuzishika hizo bloku na kuzifikisha.

Na kila baba atakapoandikiwa kipimo, leo na miaka ijayo, mwombeni daktari aandike juu ya fomu "mayeloma isiyotoa protini". Daktari wa zamu asiyemjua atakapoona elektroforesisi safi siku mgongo unauma tena, awe anajua kwamba usafi huo kwa mgonjwa huyu hausemi chochote, na ampeleke kwenye picha.